Mwisho wa mshono wa ovaloki unaachia baada ya kufua, mnaufungaje?

dera_na_fulana
Habari za muda huu mafundi. Nashona fulana na madera kwa ovaloki (mashine inayokata na kufunga ukingo wa kitambaa) ndogo ya nyumbani, ya nyuzi 4. Mshono wenyewe uko vizuri, shida ni pale unapoishia. Nikikata mkia wa uzi karibu na kitambaa, nguo ikishafuliwa mara kadhaa mshono unaachia sentimita moja au mbili. Ovaloki haina rivasi (kushona kurudi nyuma) kama cherehani ya kawaida. Wengine naona wanachoma mkia kwa kiberiti, wengine wanapiga fundo. Ipi inadumu, na ipi ni ya haraka kwa mwenye nguo nyingi?

fundi_pindo
Mkuu, kabla ya kufunga chochote angalia mwisho huo unaangukia wapi. Mshono wa bega utapitiwa na wa shingo upande mmoja na wa mkono upande wa pili, na huo unaokatiza juu yake ndio kufuli lake. Wa ubavuni vilevile, kama pindo la chini litakunjwa na kushonewa juu yake. Hapo acha mkia wa sentimita 2, uingie ndani ya mshono unaofuata, ziada iondoke na kisu cha mashine. Wa kufungwa ni ule unaobaki wazi: mpasuo wa dera, ncha za mtandio, mdomo wa mkono uliopigwa ovaloki mwisho kabisa.

Kwa hiyo ya wazi, kinachodumu kuliko vyote ni kurudisha mkia ndani ya mshono. Ukimaliza kitambaa endelea kukanyaga hadi mkia ufike sentimita 10 au 12. Uvute kwa vidole kuanzia kitambaani kwenda nje, vitanzi vilale na mkia uwe mwembamba. Kisha utunge kwenye sindano ya mkono yenye jicho pana na ncha butu, uipitishe chini ya nyuzi za lupa (vile vichuma vinavyopitisha uzi ukingoni) kwa sentimita 3, uvute, ukate. Ncha iwe butu kweli, kwa sababu kali inachoma nyuzi katikati badala ya kupita chini yake, halafu inakwama. Na kama mkia umeshakatwa mfupi, tanguliza sindano ndani ya mshono, jicho libaki nje kidogo ukingoni, ndipo utunge uzi na kuivuta.

kisu_na_lupa
Ya sindano ni imara, ila kwa mzigo wa oda itakuchelewesha mno. Zoea kufunga kwa mashine yenyewe.

Mwanzo ni rahisi. Toa mkia wa sentimita 8, ingiza kitambaa, shona mishono 3 au 4, simama sindano zikiwa chini. Inua mguu wa mashine unaobana kitambaa. Chukua mkia ulioko nyuma, uzungushe kwa kushoto, uulete mbele na kuulaza juu ya ukingo wa kitambaa, kati ya sindano na kisu. Shusha mguu, shona juu yake sentimita 3, halafu usukume kulia kisu kiukate.

Mwisho ndio wenye kazi. Shona hadi mshono mmoja tu uvuke ukingo, usiendelee. Zungusha gurudumu kwa mkono sindano zifike juu kabisa, inua mguu. Vuta nyuzi za sindano kidogo, pale juu ya jicho, zilegee. Wewe una sindano mbili, kwa hiyo legeza zote mbili. Sasa vuta kitambaa nyuma taratibu hadi vitanzi vichomoke kwenye kile kichuma chembamba kinachovishikilia ukingoni. Geuza kitambaa, upande wa chini uwe juu, kirudishe chini ya mguu ukingo ukiwa sawa na kisu, shona juu ya mishono ileile sentimita 3, kisha toka nje kwa mshazari. Kama kisu chako kinazimika, kizime kabla ya kurudi, maana kikigusa mshono wa kwanza kinakata nyuzi za lupa na kazi yote inaharibika.

Usivute kitambaa kwa nguvu nyuzi zikiwa bado zimekaza. Sindano inapinda kidogo tu, hata huoni, mzunguko unaofuata inagonga lupa na kuvunjika.

uzi_wa_koni
Kuhusu kiberiti: kinasaidia uzi wa poliesta tu kwa kuwa unayeyuka. Wa pamba unaungua ukawa majivu na hakuna kilichofungwa. Na hiyo poliesta ikipoa inakuwa punje ngumu inayokwaruza shingoni na kwapani. Dera la kitambaa chepesi cha sintetiki linaweza kutoboka palepale. Mimi siishauri kwa nguo ya mteja.

Fundo linafaa likikaa penyewe. Lipige likiwa legevu, chomeka sindano ndani ya kitanzi chake, lisogeze hadi liguse kitambaa, kisha kaza huku ukichomoa sindano. Bila hivyo linakaza nusu sentimita mbali, na ile nafasi ndipo mshono unapoanzia kuachia.

Gundi ya nguo naiwekea pindo jembamba la kuviringa la mtandio, ambako mishono imebanana sindano haipiti. Tone moja, likauke kabisa, ndipo ukate. Jaribu kwanza kwenye kipande, inaweza kuacha doa.

dera_na_fulana
Asanteni sana. Na mdomo wa mkono, ambao ni mduara usio na mwanzo?

kisu_na_lupa
Kwenye akiba ya mshono (kitambaa cha ziada nje ya mstari wa kushona) kata nafasi ya urefu wa sentimita 5, upana uwe sawa na kile ambacho kisu kingeondoa. Anzia hapo, hutalazimika kuingia kwa mshazari. Ukizunguka na kurudi ulipoanzia, zima kisu, panda juu ya mishono ya kwanza sentimita 2, simama, sindano juu, inua mguu, legeza nyuzi, sogeza kitambaa nyuma ya mguu, ndipo utoe mkia bila kitambaa. Ukivuka sentimita 2 mshono unakuwa mnene na unaonekana kwa nje, hasa kwenye kitambaa cha jezi kinachovutika. Huo mkia urudishe ndani kwa sindano kama alivyoeleza fundi_pindo.