Upinzani, mulikwenda kwenye tivi kufanya nini?

Salamu kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika na hasira zangu. Asiyetaka kusoma apite.

Juzi usiku nilifunga kibanda mapema. Unga wa mahamri sikuukanda, nikawaambia wateja wangu wa alfajiri wavumilie mkate wa duka, maana kulikuwa na mjadala wa SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali ya Kenya, kwenye tivi na upinzani walikuwa wametuma watu wao wawili. Nikasema leo ndiyo leo. Hapa Majengo, Mombasa, kila nyumba ina kisa chake na SHA, na hatimaye wamepatikana watu wa kutuulizia. Tukakaa sebuleni: mimi, mume wangu, shemeji, watoto, na mama kalala kwenye kochi miguu imemvimba. Kufika saa nne na nusu nilikuwa natamani kuirushia tivi kiatu, na si kwa sababu ya mtu wa serikali. Yule alikuja kutetea ugali wake, akautetea. Hasira zangu ni kwa wale wawili waliokuja kututetea sisi.

Niwaeleze kwanza kwa nini yaniuma. Mama ana figo. Jumatatu na Alhamisi anaunganishwa na mashine saa nne nzima, damu itoke, isafishwe, irudi. Kikao kimoja SHA hulipia shilingi 10,650. Mimi nauza mahamri na mbaazi. Piga hesabu mwenyewe ni mahamri mangapi hayo. Wakati wa NHIF, bima ile ya zamani, nilikuwa nalipa 500 yangu na 500 ya mama kila mwezi, mwezi mbaya nakopa, maisha yanasonga. SHA ilipoanza 1 Oktoba 2024, sisi tusio na mshahara tukaanza kuhojiwa na simu: paa la nyumba ni la nini, kuta ni za nini, choo ni cha aina gani, wapikia nini. Nikajibu kweli yangu, vyumba viwili vya kupanga, paa la mabati. Nikaambiwa 8,400 kwa mwaka, zote kwa mpigo. Mama ni mjane, yuahesabiwa kaya yake peke yake, naye akaletewa bili yake. Baadaye wakaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, lakini hapo nilikuwa nishauza mkufu.

Sawa, tukalipa. Alhamisi iliyopita tukaenda hospitali moja hapa mjini (jina silitaji, bado nawahitaji). Kitambulisho sawa, jina sawa, michango sawa. Kidole kwenye mashine ya kutambua alama hakisomeki! Mama amekuna nazi kwenye mbuzi miaka hamsini, ncha za vidole zimekuwa nyororo kama kaure, mistari imekwisha. Nesi akampangusa na spiriti, akajaribu gumba, akajaribu cha shahada, akajaribu mkono wa pili. Taa nyekundu. Akamwambia akipulizie kidole pumzi kipate joto. Nyekundu. Halafu sistemu yenyewe ikalala, tukaambiwa tungoje, na nafasi yake kwenye mashine akapewa mgonjwa mwengine ambaye alikuwa ashasomeka asubuhi. Saa kumi jioni tukarudi nyumbani mama hajasafishwa, pumzi zinamkata kwenye ngazi. Ijumaa ndipo alipopata.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa kwenye kochi juzi usiku.

Sasa mjadala. Mtangazaji akauliza swali zuri kabisa: mukipewa serikali kesho, mutaifanya nini SHA? Yule mkubwa wao, suti ya samawati, faili mezani ambalo mpaka kipindi kinaisha hakulifungua, akasema: "Tutafuta!" Akaulizwa, mufute muweke nini? "Tutafuta siku ya kwanza!" Mwenzake akaitikia, tutafuta. Mama alikuwa anasinzia, akafumbua jicho moja akaniuliza: "Wamepotelewa na nini hawa, mbona watafuta tu?" Shemeji alicheka hadi akamwaga kahawa. Mimi sikucheka.

Walipobanwa sana wakasema NHIF irudi. NHIF ile ile ya tangu 1966, ambayo sote twajua ilivyoliwa na madai hewa ya watu waliopasuliwa kwenye makaratasi! Mtu wa serikali akatabasamu. Angekosaje kutabasamu? Walimpa wenyewe.

Lililofuata ndilo lililonichoma. Yule wa pili, kijana, akasema SHA imemwongezea makato kila mfanyakazi wa Kenya. Kila mfanyakazi. Mtu wa serikali akatoa kalamu, taratibu, kama mwalimu wa hesabu wa darasa la nne. Mwenye mshahara wa 20,000 NHIF ilikuwa ikimkata 750. SHA hukata asilimia 2.75 ya mshahara, na ya 20,000 ni 550. Amepungukiwa au ameongezewa? Kijana akabaki kumeza mate. Na ukweli ulikuwa upande wake lau angesoma! Angesema wa 50,000 ametoka 1,200 akaenda 1,375, na wa 100,000 ametoka 1,700 akaenda 2,750. Angeuliza kwa nini muuza mboga wa soko la Kongowea akisiwe kipato chake kwa paa la nyumba na atakiwe ya mwaka mzima, hali ya mwenye mshahara hukatwa kidogo kidogo mwisho wa mwezi. Yote hayo yalikuwa mezani. Akachagua neno moja la kupigiwa makofi, "kila", likamvunja mguu.

Halafu mtu wa serikali akajigamba na mamilioni waliojisajili. Hapo nikasema sasa watamshika. Kila mtu kijiweni ajua kujisajili si kulipa. Mimi mwenyewe nimesajili majirani zangu wanne kwa simu yangu, *147#, dakika tano mtu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuchanga baada ya hapo. Wanaolipa ni kipande tu cha hao mamilioni, na hospitali zinalia zinadai pesa zao. Swali ni moja tu: wangapi wamelipa mwezi huu? Hawakuuliza! Walikuwa washahamia shilingi bilioni 104 za mfumo wa kompyuta.

Hizo bilioni 104 ni hoja ya kweli, nisieleweke vibaya. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandika kwenye ripoti yake iliyotoka 2025 kwamba mfumo huo serikali haiumiliki wala haiudhibiti. Mfumo huo ndio unaomkataa mama kidole. Yaani wangeweza kumwambia mtazamaji: ile taa nyekundu unayoiona kaunta, hiyo mashine si ya serikali yako, na sistemu ikilala hakuna waziri anayeweza kuiamsha. Mama angeamka usingizini kusikia hilo. Badala yake ikawa wezi, wezi, wezi, dakika ishirini, mtangazaji akiwaomba mfano na wao wakiongeza sauti. Wezi twawajua. Wezi wako kila serikali, na wengine walikuwa meza moja na hao hao.

Na hapa ndipo kwenye mzizi. Sheria ya SHA ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Rigathi Gachagua alikuwa naibu rais. SHA ilipoanza kazi mwaka mmoja baadaye alikuwa bado ofisini. Seneti ilimwondoa wiki mbili na ushei baada ya hapo. Leo yeye na wafuasi wake ndio wapinzani wakubwa. ODM nayo, waliokuwa upinzani wakati huo, waliingia serikalini 2024, na Hassan Joho wetu, gavana wa zamani wa Mombasa hii hii, akapewa uwaziri wa madini. Wamebadilishana viti kama watoto wachezao ukuti. Ndiyo maana hawezi mtu kufungua faili mbele ya kamera: humo ndani mna sahihi za marafiki zake. "Tutafuta" ni neno rahisi kwa sababu halikuulizi ulikuwa wapi.

Dakika kumi nzima wakatupeleka mahakamani. Kwamba Mahakama Kuu Julai 2024 ilisema sheria zile zimekiuka katiba, wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Kweli. Na Mahakama ya Rufaa Septemba ikasimamisha hukumu hiyo, SHA ikaendelea. Tumeelewa. Endeleeni na maisha.

Kuna kitu nataka kuwakumbusha washauri wao, kwa sababu najua mbinu hii wameitoa wapi: Marekani. Mwaka 2010 nilikuwa nafanya kazi ya usiku mapokezi kwenye hoteli moja Nyali, tivi pale ni CNN siku zote. Ilikuwa mfungo sita, nakumbuka kwa kuwa nilikosa Maulidi kwa ajili ya zamu. Tarehe 25 Februari Obama aliwaita wapinzani wake wa Republican pale Blair House, ng'ambo ya barabara kutoka Ikulu yao, wakakaa mbele ya kamera kwa muda wa karibu saa saba kujadili mswada wa afya. Kwa saa zetu ilianza jioni, ikaisha usiku wa manane. Nao hoja yao ilikuwa hii hii: tupa mswada, anza na karatasi safi. Lamar Alexander, seneta wao, ndiye aliyewafungulia. Eric Cantor, mbunge wao, akauweka mswada mzima mezani, rundo la kurasa kama 2,400, ili lionekane. Mbwembwe, najua. Lakini Paul Ryan, mbunge wao mwengine, akaja na hesabu, kwamba kodi za miaka 10 zinakusanywa kulipia matumizi ya miaka 6. Mimi sikukubaliana naye, ila alikuwa amesoma. Kila aliyekuwa pale alijua amesoma.

Mswada ukapita hata hivyo, kura 219 kwa 212, hakuna Republican aliyeunga mkono, na Obama akatia sahihi 23 Machi. Novemba hiyo hiyo Republican wakanyakua viti 63 vya Baraza la Wawakilishi. Kwa hivyo najua mumeambiwa nini: semeni la, musiguse kitu, serikali ijikaange kwa mafuta yake. Kwenye kura hulipa. Ila maliziani kisa. Miaka saba waliimba "tutafuta". Mwaka 2017 wakawa na rais, wana Seneti, wana Baraza, wakakuta hawana walichokubaliana cha kuweka. Usiku wa kuamkia 28 Julai, John McCain, mtu wa chama chao, akasimama mbele ya Seneti akageuza kidole gumba chini. Mswada wa kufuta ukaanguka, 49 kwa 51. (Cha McCain kilisomeka mara moja.)

Nyinyi hata hilo rundo la karatasi hamukuja nalo. Mulikuja na suti.

NAONGEZA: Nishatumiwa ujumbe na watu wawili kwamba nimelipwa na serikali. Mwenye kunilipa alipe kwanza deni la unga. Na yule aliyeuliza "basi wewe ungesema nini kwenye tivi": ningemuuliza mtu wa serikali mambo matatu, na kila moja ningelisubiri jibu. Wangapi wamelipa mwezi huu. Mgonjwa wa figo ambaye kidole hakisomeki, au sistemu imelala, aandikwe wapi kwa kalamu asafishwe siku hiyo hiyo, na nani atamlipa mwenye mashine. Na kwa nini mjane wa miaka sabini atozwe kwa kuta za nyumba ya kupanga. Sihitaji faili.

Aliyeandika kwamba afya ni kazi ya kaunti, soma katiba tena taratibu. Hospitali nyingi za umma ni za kaunti, lakini pesa za bima zinashikwa Nairobi. Hilo nalo wale wawili hawakuligusa, na walikuwa na muda wa kutosha kutaniana na mtangazaji.

Kesho ni Alhamisi. Nishaambiwa na jirani nimpake mama mafuta ya nazi vidoleni usiku, nimfunge kitambaa, asubuhi nimwoshe na maji moto, eti mistari hurudi kidogo. Nimempaka sasa hivi. Mama asema anuka kama samaki wa kupaka. Mwenye dawa nyengine aiandike hapa kabla ya saa kumi na moja alfajiri, tutakuwa tushatoka.