Mizani ya mwaloni ni ya mnunuzi, kilo zetu zinaliwa na takwimu za ziwa zinaharibika

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Sisi wavuvi wa sangara huku Ziwa Victoria tunaibiwa kwenye mizani kila asubuhi, na kila mtu hapa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anajua, kuanzia viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) mpaka mama anayeuza chai, ila hakuna anayefungua mdomo kwa sababu mwenye mizani ndiye huyo huyo mwenye hela, ndiye aliyetukopesha nyavu, ndiye anayeleta mafuta na barafu, ukibishana naye leo kesho mtumbwi wako unalala mchangani.

Kwa ambao hawajawahi kufika mwaloni niwaeleze inavyokwenda. Mtumbwi ukifika samaki wanatolewa, wanajazwa kwenye kreti za plastiki, kreti inatundikwa kwenye mizani ya saa ile yenye mshale. Mshale bado unacheza, haujatulia kabisa, kijana wa wakala anayenunulia kiwanda anapiga kelele "thelathini na moja!", karani kashaandika na kreti kashaishusha. Ukisema jamani subirini utulie unaambiwa unachelewesha gari la kiwanda. Alafu kwenye hiyo 31 zinatoka kilo 3 za kreti. Juzi niligoma, nikadai kreti tupu ipimwe, ikapimwa watu wote wanaona, haikufika hata kilo 2. Nikauliza hii kilo inayobaki ya nani? Nikaambiwa ni ya maji. Maji gani wakati samaki ametoka ziwani muda huo huo na barafu hajaigusa? Na siku ambazo kweli amelala kwenye barafu wanakata tena, hiyo ya maji iko palepale na ya barafu inaongezwa juu yake.

Mtu asije akaniambia kilo moja ni kitu kidogo. Tuchukulie mtumbwi unapoteza kilo 2 kwa siku na kilo ni elfu 8, hiyo ni 16,000 kila ukitoka. Ukitoka siku 20 kwa mwezi ni 320,000 kwa mtumbwi mmoja, na mwalo wenye mitumbwi 60 ni zaidi ya milioni 19 kila mwezi inayoondoka bila jasho la mtu. Na wanaoumia zaidi sio hata sisi wenye mitumbwi, ni vijana wanaoingia ziwani usiku, maana wao wanalipwa kwa mgao, kwanza yanatolewa mafuta na chakula ndio kinachobaki kigawanywe, kwa hiyo kila kilo inayopotea kwenye mshale inatoka moja kwa moja kwenye mfuko wa kijana aliyekesha na mawimbi.

Na bondo, ule mfuko wa hewa ulioko tumboni mwa sangara, sijaligusa! Sangara anapimwa mzima na bondo lake ndani, bei ni ya nyama, wakati kila mtu anajua bondo likikaushwa linakwenda China na Hong Kong na kilo yake inauzwa mara nyingi zaidi ya kilo ya nyama. Hakuna karatasi hata moja hapa mwaloni inayoandika kilo za bondo zilizotoka.

Sheria ya Vipimo Sura 340 ipo, mizani ya biashara inatakiwa ihakikiwe na iwekwe alama, na uhakiki ni wa kila mwaka. Hii ya kwetu ina stika imechakaa hata mwaka hausomeki. Tukaazima jiwe la kilo 20 kwa mwenye duka la nafaka, tukalitundika, mshale ukagota 18 na nusu. Yaani kilo moja na nusu imeshaliwa kabla hata hawajaanza kukata za kreti. Tumepiga simu wilayani, tukaambiwa leteni barua, barua ikapelekwa, mpaka leo kimya.

Rula lakini zipo. Sangara chini ya sentimita 50 ni kosa, sato chini ya 25 ni kosa, mwaka 2018 maafisa waliingia na rula mpaka kantini ya Bunge Dodoma wakapima samaki wa kwenye sahani, nchi nzima ikaongea. Mimi rula siipingi hata kidogo, samaki mchanga asipoachwa akazaa watoto wetu watavua nini? Ninachouliza ni kwanini urefu wa samaki unapimwa na serikali kwa ukali wote huo, alafu uzito wake anaachiwa anayemnunua.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalioni na ndilo linaloniuma zaidi. Hizi kilo za uongo haziishii kwenye mfuko wa wakala, zinaingia kwenye takwimu za ziwa. Utaratibu wenyewe ni mzuri, unaratibiwa na LVFO, shirika la uvuvi la Ziwa Victoria lililoko Jinja, Uganda, kwa nchi zote tatu za ziwa: mwandishi wa takwimu anachukua sampuli ya mitumbwi kwenye mialo iliyochaguliwa, anapima walicholeta, alafu inazidishwa na idadi ya mitumbwi iliyopatikana kwenye sensa ya uvuvi. Kwenye mwalo wetu huyo mwandishi hana mizani. Anasubiri wakala amalize, anaomba daftari la karani, ananakili. Kwa hiyo 31 ambayo kwa mizani ya haki ingesoma 33, ikishakatwa kilo 3 za kreti imeshakuwa 28, ndio hiyo inayozidishwa kwa maelfu ya mitumbwi. Na samaki wadogo wanaoshushwa usiku upande wa pili wa mawe kukwepa rula hawapo kwenye daftari lolote, kitoweo cha vijana hakipo. Makosa yote yanaelekea upande mmoja, kupunguza. Watafiti wana vyombo vya sauti vya kukadiria samaki waliomo majini, sawa, ila aliyeshatolewa majini haijulikani utampata wapi zaidi ya mwaloni.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ikija zamu ya kwetu mimi niko tayari kupumzika kama kweli samaki wameisha, lakini nataka nifungiwe kwa hesabu za kweli, sio za daftari la mtu aliyekuwa anakata kilo zangu.

Wenzetu wanafanya. Kule Alaska, Marekani, meli zinazopima samaki humo humo baharini lazima zijaribu mizani kila siku na ikipotoka zaidi ya asilimia 3 haipimi tena mpaka irekebishwe. Ya kwetu imepotoka asilimia 7 na nusu na asubuhi hii imepima kama kawaida.

Na msinijibu habari za mizani ya dijito. Hata ikiwa ya dijito, kama ni ya mnunuzi na makato yanatajwa kwa mdomo tutaibiwa kwa namba zinazowaka taa. Tunataka mizani ya mwalo, iwe mali ya wavuvi kupitia BMU, jiwe la kilo 20 likae pale pale litundikwe kila asubuhi kabla ya samaki wa kwanza, kreti tupu ipimwe mbele ya mwenye samaki na uzito wake uandikwe kwenye risiti, na mwandishi wa takwimu asome mshale kwa macho yake mwenyewe.

Wa Ukerewe, Sengerema, Muleba, Musoma, na nyie wa Uganda na Kenya mliomo humu, wekeni hapa: kwenu kreti inakatwa kilo ngapi, na mizani ni ya nani? Msitaje majina ya watu, tajeni kilo tu. Nataka nizikusanye niende nazo wilayani wiki ijayo.