Raifo haipandishi risasi ya tatu: magazini mpya, springi, au nihamie Mauser?

Nyuki_wa_Sikonge
Mwangaluka wakuu. Nina raifo ya .30-06 (ndiyo saizi ya risasi), ya bolti, ile nondo unayovuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi, na magazini, yaani kisanduku cha risasi, ya kuchomoa inayokaa risasi nne. Mbili za juu zinapanda bila shida. Ya tatu inainamisha kichwa, inagonga ukuta wa mbele wa magazini chini ya ule mteremko wa kuingilia chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa ipigwe), na bolti inagoma hapo hapo. Ya nne vivyo hivyo. Wiki iliyopita nina kibali mfukoni, kongoni kasimama, nimeshakosa mara mbili (msiniulize), halafu napigana na bolti. Msaidizi wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nawaza njia tatu: niagize magazini mpya Dar, ninunue springi tupu, au niuze nitafute raifo ya mtindo wa Mauser yenye magazini ya ndani. Fundi mmoja wa pikipiki kaniambia nipanue midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazoshikilia risasi, kwa plaisi. Mngeanza na lipi?

MzeeWaBrno
Plaisi weka mbali, kijana. Midomo ile ndiyo inayoamua risasi itoke kwa pembe gani. Ukiikunja kidogo tu umeua magazini nzima.

Mimi ni mtu wa Brno, raifo ya mtindo huo wa Mauser, .375. Kucha ndefu ya bolti yake inadaka ukingo wa ganda mara risasi inapotoka magazini, kwa hiyo ukisita katikati ukarudisha bolti, risasi inarudi nayo. Nyingi za aina yako zinaisukuma tu, kucha inadaka mwishoni unapofunga mpini. Ukibabaika, ya kwanza inabaki chemba na bolti inaileta ya pili mgongoni kwake, ncha ikitazama fataki (kile kidonge cha kitakoni kinacholipua baruti) ya mwenzake. Mbele ya nyati hilo sitaki.

Uvinza_88
Shikamoo mzee. Nakubali, ila Mauser nazo zina yake. Zile za zamani huwezi kudondosha risasi moja chemba ukafunga, kucha inagoma kuruka ukingo; lazima ipitie magazini. Na mlango wa chini ya magazini ukilegea! Wa jamaa yangu ulifunguka kwa kishindo cha risasi ya kwanza, zilizobaki zote zikamwagika majanini. Akaanza kuokota kama anaokota uyoga.

Kwa anayepanda na kushuka gari mara kumi kwa siku, ya kuchomoa inashinda.

Fundi_Isevya
Mnampeleka dukani kabla hajajua ugonjwa. Nyuki, umeshatuambia jambo kubwa bila kujua: mbili za juu zinapanda, za chini zinainama. Magazini ikijaa, springi imebanwa, ina nguvu. Ikipungua, nguvu inashuka, na kibao kinachobeba risasi kinalala mbele. Ingekuwa ya kwanza inasumbua na ya mwisho inapita, ningeangalia midomo, au kama umeshindilia kupita kiasi. Ingekuwa bolti inapita juu bila kugusa risasi, ningeangalia kama magazini imekaa mpaka ikalia "ta", au kama wewe mwenyewe huivuti bolti mpaka mwisho. Hilo la mwisho ndilo naliona zaidi, na hakuna anayelikubali.

Sasa fanya hivi. Toa risasi zote, chungulia chemba, ingiza na kidole. Tumia risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, sio za kweli. Fungua magazini, toa springi. Imekunjwa kama W iliyolala, na ncha zake mbili hazilingani. Niambie umewahi kuitoa ukaiosha?

Na angalia oili. Vumbi letu la Agosti likikutana na oili nzito linakuwa uji. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, paka utando mwembamba tu.

Binti_Urambo
Vichwa vya risasi zake je? Vya ncha laini vikikaa magazini wakati unapiga, vinagonga ukuta wa mbele na kubonyea. Vya baba vilikuwa bapa kama uyoga, halafu tunalaumu bunduki.

Nyuki_wa_Sikonge
Fundi, niliiosha Juni. Nimeifungua jana jioni kibarazani: springi nilirudisha kichwa chini miguu juu. Nikibonyeza kibao mbele kinazama chote, nyuma hakitingishiki. Nimeigeuza. Risasi bandia nne, mara kumi mfululizo, zote zimepanda, isipokuwa ya mwisho bado inakwaruza, mara moja ikagoma. Binti, ncha zangu mbili kweli zimebonyea, nimezitenga.

MzeeWaBrno
Kwa hiyo Mauser yangu haiuziki leo.

Fundi_Isevya
Miezi yote hiyo imekaa kinyume, springi imeshachoka. Agiza springi tupu, magazini acha. Ganda lile lililokwaruzwa usilisugue, lete nilione. Mkwaruzo ukiwa upande mmoja tu, mdomo mmoja una kijino, na hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, si ya tupa ya nyumbani. Ukiwa chini ya kichwa, springi mpya itaumaliza.

Nyuki_wa_Sikonge
Uko chini ya kichwa. Springi nimeagiza, inakuja na basi la Alhamisi.