Mrejesho: Mark II GX90 iliyokuwa ikizima nikiachia ufunguo

Wakuu, habari za Dodoma. Niliwaomba msaada kuhusu gari langu, Toyota Mark II GX90 iliyobadilishwa injini kutoka 1G kwenda 1JZ: nikipiga stata inawaka, nikiachia ufunguo inazima. Wengi mlisema pampu ya mafuta imekufa. Pampu ni nzima.

Jumamosi tuliinua siti ya nyuma, tukaweka multimita kwenye waya wa pampu. Wakati wa stata ilisoma volti 10 na ushee. Nikiachia tu, 0. Fundi umeme akafungua kile kiboksi cha kupimia pale kwenye injini, akaunganisha FP (tundu la pampu) na +B (tundu la umeme wa betri) kwa kipande cha waya. Gari likanguruma bila kuzima. Nilifurahi mno.

Kumbe rilei ya pampu (swichi ndogo inayoipa pampu umeme) hupata umeme wa stata kwanza, halafu kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo huishikilia kupitia waya wa FC ikiona injini inazunguka. Waya huo ulikatwa siku ya kubadilisha injini, ukazungushiwa tepu nyeusi na kufichwa nyuma ya dashibodi. Tumeuchomelea kwa risasi. Nimeenda Kondoa na kurudi, halijazima hata mara moja.

Aliyenishauri nivute umeme wa pampu moja kwa moja kutoka kwenye swichi ya ufunguo, asante, ila sikukubali. Ukipata ajali injini ikazima, pampu itaendelea kusukuma petroli.