Wikiendi ya miguu kutoka Malindi: Nyari ya Marafa, msitu wa Sokoke au Shela hadi Kipungani?

Kibosho_Ugenini

Habari zenu wakuu. Mimi Mtanzania, niko Malindi mwezi wa nane sasa, nafanya hesabu kwenye hoteli moja ya ufukweni. Kwetu Kibosho ukifungua mlango mlima umekukalia usoni. Jumamosi tulikuwa tunajikusanya tu na wenzangu, tunapanda Materuni hadi kwenye maporomoko, jioni tunarudi magoti yanacheza. Hapa nikitoka kazini ni bahari, minazi na tuktuk. Juzi nimehema kupanda ngazi za ghorofa ya pili, nikaona aibu.

Tuko watano: mimi, jamaa wa Bukoba, Mganda mmoja anayefundisha shule huku, na dada wawili wa hapahapa Malindi ambao, ajabu ya Mungu, hawajafika hata sehemu moja kati ya hizi ninazouliza. Tunatoka kazini Jumamosi saa sita mchana. Jumatatu saa mbili asubuhi lazima niwe mezani.

Nimesikia habari za korongo la Marafa. Nimesikia msitu wa Arabuko-Sokoke pamoja na magofu ya Gede. Na moyo wangu, niseme ukweli, uko Lamu: kutembea ufuo mzima wa Shela hadi Kipungani, halafu asubuhi yake tuvuke hadi kisiwa cha Manda tukaone magofu ya Takwa. Jumamosi tunayoilenga ni ya mwezi mpevu, nimeichagua makusudi ili usiku tukae nje. Nani ameshafika kote atulinganishie? Sitaki sehemu ya kushuka kwenye gari, kupiga picha na kupanda tena. Nataka miguu iume.

Boda_Magarini

Karibu Marafa. Hiyo barabara naijua shimo kwa shimo, nabeba watu kila wiki. Mnavuka daraja la Sabaki, mnaingia bara, kilomita 30 na kitu. Wageni wanapaita Jiko la Jehanamu, sisi Wagiriama ni Nyari. Wazee husema palikuwa na familia yenye ng'ombe wasiohesabika, wakawa wanaogea maziwa huku majirani wana njaa, ardhi ikawameza. Ule mchanga mweupe ni maziwa, mwekundu ni damu yao. Ukweli wenyewe ni mvua na upepo vimekula udongo laini miaka na miaka mpaka zikabaki zile nguzo, lakini ukisimama pale jioni utaamini ya wazee.

Msiende mchana. Kule chini hakuna upepo, joto linatoka juu na linatoka ukutani. Fikeni saa tisa na nusu, lipeni kiingilio cha kijiji, chukueni mwongozaji wa palepale, mshuke. Saa kumi na moja jua linapiga upande mmoja na ukuta mzima unageuka: njano, waridi, wekundu wa matofali. Na msisimame kwenye ukingo kutafuta picha. Ule udongo unamomonyoka kama biskuti, hasa baada ya mvua.

Kibosho_Ugenini

Asante kaka. Kule chini ni mwendo wa muda gani?

Boda_Magarini

Mkiharakisha nusu saa. Mkipiga picha, saa nzima. Sitakudanganya nipate abiria.

Bint_Gede

Basi miguu haitauma hapo 😂 Dada/kaka Kibosho (sijui nikuiteje), mimi nimezaliwa kilomita moja kutoka lango la msitu, kwa hiyo nipunguzie upendeleo mwenyewe.

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote uliobaki Afrika Mashariki. Watu wa mlimani wakisikia msitu wanafikiria ukungu na maporomoko. Huu si hivyo. Ni tambarare, mchanga chini, miti mikavu, na kimya. Mtu asiyejua atatembea saa tatu aseme hajaona kitu. Anayejua anasimama. Kuna mnyama anaitwa sange, mkubwa kama sungura, pua ndefu kama mkonga mdogo, na matako ya rangi ya dhahabu kabisa kama amekalia rangi mbichi. Anachakura majani makavu. Ukisikia chaka-chaka-chaka halafu kimya, usitikisike hata kope. Kuna kibundi pia wa Sokoke anayeingia kiganjani, rangi yake ileile ya jani kavu. Mwongozaji mzuri anakuonyesha mti, unatazama dakika tano huoni ndege, mwishowe unaona macho mawili ya manjano yalikuwa yanakutazama muda wote.

Masharti: muwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, si saa tatu. Suruali ndefu, viatu vya kufunika, maana siafu hawana mgeni. Na msiingie bila mwongozaji hata mkijiona wajanja, kuna ndovu mle na njia zote zinafanana. Kutoka Malindi ni matatu ya Gede, kama kilomita 16, kisha bodaboda au miguu hadi langoni.

Saa nne jua likikaza mnatoka msituni mnaingia magofuni, kivuli kipo. Gede mji uliishi tangu karne ya 12 hadi ya 17, na tangu 2024 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tafuteni kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399. Mimi kila nikifika naliangalia hilo, halafu naangalia vyoo vya jumba la mfalme, halafu nakumbuka choo cha shule yetu ya msingi. Ndizi zifichwe, kima wa pale wanafungua zipu.

Na beba pasipoti. Mtanzania hulipi kama mtalii wa Ulaya, lakini lazima uthibitishe.

Mwalimu_Mambrui

Kuna ya bure hamkuitaja. Shuka ufukweni hapo Malindi, geuka kaskazini, tembea mpaka mdomo wa Sabaki. Ndege wengi, wakati mwingine heroe. Mtoni msiogelee, kuna viboko. Nzuri kwa jioni moja kati ya wiki, si ya kuita safari.

Tanga_Raha

Kibosho, mwenzako Mtanzania nikueleze kuhusu huo ufuo wa Shela, maana kila mtu anauona kwenye picha tu.

Mwezi wa tatu, mwaka juzi, tulikuwa watatu. Tumetoka Shela saa tatu asubuhi, kila mtu na chupa ya lita moja, tukacheka na kupanda vile vilima vya mchanga kama watoto. Ni kilomita 12. Kilomita 12 kwangu ni kitu gani? Baada ya saa moja tukaona bahari inatusogelea. Ule mchanga mgumu wa chini, unaotembelea kama lami, ukafunikwa. Tukabaki na mchanga wa juu, mlaini, hatua mbili mbele moja nyuma. Hakuna mti. Hakuna kibanda. Ndala yangu ikakatika, nikatembea na soksi kwa sababu mchanga ulikuwa unachoma, na soksi zikatoboka vidole vyote. Maji yakaisha tukiwa hata nusu hatujafika.

Kipungani tuliingia saa tisa. Mama mmoja akatuona, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji ya mtungini. Hakuuliza tumetoka wapi mpaka wa tatu wetu alipomaliza kunywa. Mpaka leo nikisikia neno Shela ninaonja yale maji.

Sisemi usiende. Nasema si matembezi ya picha.

Mwana_wa_Amu

Tanga_Raha, pole, lakini hapo hamkuonewa na jua, mmeonewa na maji. Mngemuuliza mtoto yeyote wa Shela angewaambia mkae mnywe chai kwanza.

Kibosho, nisikize vizuri, maana wewe wapanga safari kwa saa ya ukutani na huku twapanga kwa mwezi. Umesema Jumamosi ya mwezi mpevu. Vyema. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji yajaa sana na yatoka sana. Na huku kwetu siku hizo yajaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na yapwa kabisa saa nne kwenda saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku ikipita yachelewa karibu saa nzima, dakika 50 hivi. Hilo ukilishika waweza kupanga lolote hapa.

Sasa weka mipango yako juu yake. Kutembea Shela hadi Kipungani siku ya bamvua ni raha kubwa: watoka saa moja asubuhi maji yaenda zake, na mchanga mgumu upo mpana wote wako, mwafika kabla hayajarudi. Lita tatu kila mtu, kofia, na nahodha mmekwisha kukubaliana naye bei *kabla*, aje awachukue Kipungani. Mkifika bila miadi bei huwa ni ile aliyonayo mwenye mashua peke yake.

Lakini Takwa asubuhi? Haiwezekani. Kuingia Takwa ni kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na mkono huo saa nne ya bamvua ni tope. Mtakaa ndani ya boti kama samaki kwenye sinia. Takwa siku hizo ni alasiri: mwaingia na maji saa tisa, mwatazama upesi, mwatoka kabla hayajawakimbia. Na msipatazame ovyo. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na watu wa Shela wasema asili yao ni huko. Kuna kaburi lenye nguzo ambalo mpaka leo watu huenda kuomba dua. Vaeni kwa heshima.

Kibosho_Ugenini

Mkuu umenifungua macho. Kwa hiyo Jumapili asubuhi tunatembea, Jumapili alasiri Takwa, usiku tunarudi Malindi?

Mwana_wa_Amu

Kwa basi gani?

Boda_Magarini

😂😂😂

Bint_Gede

Kibosho, mabasi ya Lamu yanapita Malindi asubuhi, yakitoka Mombasa. Nyinyi mnatoka kazini saa sita, limeshapita Garsen hilo. Kurudi pia ni asubuhi, mnavuka kwa boti hadi Mokowe ndipo mpande. Barabara ile ni kilomita 200 na ushee, vizuizi vya polisi njiani, na si ya kusafiri usiku. Nyinyi watatu wageni kila kizuizi mtatoa pasipoti, na iwe yenyewe, si picha kwenye simu. Kwa hiyo Lamu inakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Mkiwa na Jumapili peke yake, mtafika kunawa uso.

Tanga_Raha

Kuna ndege lakini.

Bint_Gede

Watu watano wa mshahara, Tanga.

Mwana_wa_Amu

Dada asema kweli, japo yaniuma kuwafukuza wageni. Amu, ndio hiyo Lamu, haitaki haraka. Ngojeni sikukuu iungane na wikiendi, kisha mwangalie mwezi, si kalenda peke yake. Ikiangukia wiki ya maji mafu, hata yakijaa hayapandi sana, na nahodha akikwambia Takwa leo hakuingiliki usibishane naye ukidhani ataka pesa zaidi.

Bint_Gede

Na huo mwezi mpevu wenu hautapotea bure. Jumapili hiyohiyo maji ya Mida, ile hori ya bahari karibu na Gede, yatakuwa yanajaa alasiri. Msitu alfajiri, Gede saa nne, chakula, kisha saa tisa mko Mida Creek. Pale kuna daraja la mbao la kuning'inia katikati ya mikoko, la kikundi cha kijiji, linayumba kidogo, mwenye moyo mdogo atangulie. Maji yakijaa mnapakiwa mtumbwi mnapita kati ya miti. Jumla ya miguu ni kilomita kadhaa za msitu, magofu yote, na daraja. Itauma kidogo.

Kibosho_Ugenini

Haya. Lamu tunaiweka kiporo. Jumamosi jioni Marafa na kaka wa Magarini (nitakutumia ujumbe), Jumapili msitu.

---

Kibosho_Ugenini

MREJESHO. Samahani kwa kukawia, kufunga hesabu za mwezi.

Marafa: yote aliyosema Boda ni kweli, pamoja na ile kwamba miguu haitauma. Lakini jamaa wa Bukoba, ambaye husema sana, alikaa kimya dakika kumi na tano ukuta ulipogeuka rangi. Hiyo peke yake ilitosha nauli.

Msitu: tulichelewa, tulifika saa moja kasoro kwa sababu dada mmoja alirudi kubadilisha viatu. Alikuwa amevaa champali, baada ya kuambiwa mara nne. Siafu walimpata Mganda hata hivyo, na buti zake. Saa mbili na nusu za kutembea, mchanga unavuta mguu kuliko nilivyotegemea, shavu la mguu liliniuma mpaka Jumanne. Nimefurahi sana. Kibundi alionekana, na ni kweli yale macho yalikuwa yanatutazama muda wote.

Mida maji yalijaa vilevile kama mlivyosema. Nilikuwa naangalia saa: saa kumi na robo mtumbwi ukaanza kusimama tu, hauendi wala haurudi. Mzee aliyetupiga kasia alinicheka nilipomwonyesha simu.

Takwa nimeshaanza kutafuta sikukuu. Mwana_wa_Amu, nitakuja na tarehe za mwezi mkononi.

Mwana_wa_Amu

Njooni. Na mwenye champali avae makubadhi, tutamsamehe.

Bint_Gede

Na sange? Hukusema.

Kibosho_Ugenini

Matako tu.