Tupeane uzoefu: "his", "her", "mine"... vimilikishi vya Kiingereza vimewahi kukuponza wapi?

Habari za jioni wakuu.

Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dar. Juzi kiongozi wa wageni aliniambia kuhusu mke na mume: "Her bag stays, his goes to the airport." Nikaelewa vizuri kabisa. Nikamgeukia mbeba mizigo: "Begi lake libaki, lake liende uwanja wa ndege." Hapo hapo tofauti ikapotea! Kiswahili kinalitazama begi, ndiyo maana "lake". Kiingereza kinamtazama mwenye begi, ni mwanamke au mwanamume. Begi la yule mama, lenye dawa zake za presha, tulilikimbilia na bodaboda tukalikuta kwenye foleni ya Tazara.

Nyie yamewakuta yapi?

Mwalimu wa Mbagala: Pole sana mkuu. Wanafunzi wangu wa tuisheni huandika "Asha loves his father". Siyo uzembe. Baba ni mwanamume, basi mtoto anaweka "his", kwa sababu tangu azaliwe kimilikishi kinafuata kitu: kiti changu, gari langu. Huwa namuuliza tu, "Baba wa nani?" Wa Asha. "Asha ni nani?" Msichana. Anafuta mwenyewe, anaandika "her".

Steshenari Mwenge: Mimi ni vipeperushi 500 vya mteja, vyote vina "it's" mahali pa "its". Vikakataliwa, hasara yangu. Sasa nimebandika karatasi juu ya kompyuta: ikisomeka "it is" au "it has", weka ritifaa (kile kialama '), ikiwa ni umiliki, usiweke. Na yours, hers, ours, theirs hazina ritifaa kamwe.

Kijana wa Posta: Mzee wetu alipofariki niliomba ruhusa kazini kwa kuandika "our father has passed away". Bosi wangu, mgeni, akauliza ni mzee yupi wa pale ofisini. Kwetu tumezaliwa sita. Kusema "baba yangu" mbele ya wadogo zangu ni kama kuwanyang'anya. Nikaandika upya "my father". Kiingereza kilikuwa sahihi, lakini iliniuma kuiandika.

Mleta mada: Pole sana ndugu yangu, Mungu ampumzishe mzee. Sikuwahi kuliona hilo kwa jicho hilo.

Mimi siku hizi mbeba mizigo namwambia "begi la mama, begi la baba", tunaelewana. Mwalimu, nisaidie moja: kwa nini "a friend of mine" na siyo "of my"?

Mwalimu wa Mbagala: "My" haisimami peke yake, lazima ifuatwe na jina: my friend. "Mine" inajitegemea. Hivyo hivyo "her bag" lakini "the bag is hers". Lakini "his" haibadiliki: his bag, the bag is his. Na "a friend of mine" maana yake ni mmoja wa rafiki zangu. Ukisema "my friend", msikilizaji anaweza kudhani unamtaja yule anayemjua tayari.