Mliowahi kukodi mashua ya tanga mkazunguka visiwani, tupeane uzoefu

Mleta uzi

Wakuu, kwema? Mimi ni mtu wa Dodoma. Mwezi wa pili nataka kuipeleka familia Unguja: mke, watoto wawili wa shule ya msingi, shemeji, na mama mkwe ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni bwawa la Mtera. Zile boti za kuchanganywa na watu thelathini na spika juu hatuzitaki. Tunataka mashua yetu peke yetu, ya tanga, nahodha atutembeze pembezoni mwa kisiwa, tule hukohuko, jioni turudi. Nimeulizia kwa watu watatu, safari ileile, nikapewa bei tatu ambazo hata undugu hazina. Waliopita njia hii naomba mnishike mkono. Kipi cha kukubaliana kabla ya kutoa hela? Chakula ni cha nani? Watoto wanahimili?

Kijana wa Fumba

Mkuu, kwa Februari nenda Fumba, ghuba ya Menai. Kaskazi inakuwa bado inavuma, na upande ule wa kusini magharibi kisiwa chenyewe kinawakinga. Nungwi mwezi huo unaweza kupata siku tamu sana na siku ya kutapishwa, hasa ukizunguka upande wa mashariki. Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997 na lina ada yake. Uliza mapema kama ada imo kwenye bei au utadaiwa ukiwa umeshavua viatu.

Sisi tulikuwa watu wa ofisi moja. Tulikodi chombo kizima, si kwa kichwa, na hilo ndilo la kwanza kukubaliana. Ukisema "kwa kichwa" utashangaa mnafika ufukweni mnakuta na Wajerumani wanne wamekaa wanawasubiri.

La pili ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Kwa hiyo usimwambie nahodha "tutoke saa tatu" kwa sababu umezoea saa tatu. Mwulize yeye maji yanasemaje. Tulitoka yakiwa yanakauka, tukashukia kwenye fungu lililokuwa limeibuka katikati ya bahari, mchanga mtupu, hakuna hata mti wa kufungia kamba. Mpishi akatega jiko la makaa kwenye beseni la mchanga, akaweka changu na ngisi, kidogo na kamba kochi kwa waliolipia. Kufika saa saba na nusu maji yalikuwa yanalamba miguu ya meza. Mwenzetu mmoja wa uhasibu akawa anabisha kwamba bado kuna nafasi, tumalize soda kwanza. Nahodha hakumjibu. Alianza tu kukunja mkeka kutoka upande wa pili, na kila aliyekuwa amekaa akajikuta anasimama mwenyewe.

Baada ya hapo tukaenda kisiwa cha Kwale. Kuna mbuyu mkubwa ulioanguka miaka na miaka lakini bado unamea, watoto watapanda mpaka mchoke kuwaita. Maji yakishajaa, ndani ya mikoko kuna sehemu ya kuogelea iliyotulia kabisa. Mama mkwe mkalishe pale.

Dada wa Kisauni

Mimi niwatoe Unguja kidogo, niwapeleke Lamu. Sisi wa Mombasa tuna kiburi cha bahari, tunadhani kuvuka feri ya Likoni kila siku ni ubaharia. Tulikodi mashua, marafiki wa chuo, mwezi wa nane, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imekaa sawasawa. Mpango ulikuwa Takwa kwanza, halafu tulale ufukweni, kesho yake tupite mlango wa Mkanda hadi Mtangawanda, tukione kisiwa cha Pate.

Takwa iko Manda, ng'ambo ya Lamu, lakini hufiki kwa kutaka. Unaingia kwa kijito cha katikati ya mikoko, na kijito kile maji yakitoka ni tope la kuzamia magoti. Kwa hiyo unaingia na maji na unatoka na maji, na kati yake una muda wa kutembea kwenye magofu, basi. Tuliuona msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na lile kaburi la mnara nje ya boma. Mji ule watu waliuhama karne ya 17, wengi wakavukia Shela, na mpaka leo watu wa Shela huenda kwenye kaburi lile kuomba mvua. Mwenzetu alikuwa bado anapiga picha, kepteni akapiga mbinja mara moja tu. Tulikimbia. Tulipotoka mle kijitoni usukani ulikuwa ushaanza kukwaruza mchanga.

Mkanda nao ni hivyohivyo, ni mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Tulitia nanga tukangoja maji, tukicheza karata na kunywa chai ya tangawizi. Kwenda Pate na kusi ni raha tupu, tanga limejaa, husikii kitu ila maji ubavuni. Kurudi ndiyo mtajua mmepanda nini. Kurudi ni kubisha. Mnakwenda upande huu, mnageuza, mnakwenda upande ule, na mnazi uliouona saa mbili uko palepale saa nne. Kila wakigeuza, mabaharia wanahamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lote upande wa pili, na kijana mmoja kazi yake ni kubeba viroba vya mchanga kutoka ubavu huu kwenda ule ili chombo kisilale. Alikuwa amevaa kikoi na jezi ya Arsenal. Mwishowe na sisi tukawa tunabeba viroba, na wale waliokuwa wanatapika wakapona papo hapo kwa kupewa kazi.

Kwa hiyo mkuu, swali la kumwuliza nahodha wako: "Kurudi tunakuwa na upepo au dhidi ya upepo?" Kama ni dhidi, ongeza saa na ongeza maji ya kunywa.

Mpenda Pomboo

Kizimkazi kuna pomboo. Ila kama una roho ya huruma usiende saa mbili asubuhi wakati boti kumi na mashine zao zinawazunguka wanyama watatu. Tulikataa kushiriki, tukamwambia nahodha atutembeze tu kwa tanga. Pomboo wawili wakaja wenyewe wakaogelea mbele ya omo, pua ya chombo, kidogo, wakaenda zao. Sina lingine.

Mtoto wa Nahodha

Baba yangu alikuwa nahodha Nungwi, na mimi nimekulia kwenye vumbi la mbao za mafundi wa pale ufukweni. Niseme kutoka upande wa pili, maana uzi huu wote ni abiria.

Bei kwanza. Zinatofautiana kwa sababu mnaongea na watu tofauti. Yule aliyekufuata ukiwa unakula urojo Forodhani si mwenye chombo. Atampigia mtu, na huyo atampigia nahodha, na kila mdomo unakula. Njoo ufukweni mapema, au alfajiri wavuvi wakirudi, uliza nahodha ni nani, ongea naye uso kwa uso. Wakikutajia bei kwa dola, jibu kwa shilingi na taja kwamba mko wangapi na mna watoto. Toa kianzio cha mafuta na sokoni, nyingine mkirudi. Na mabaharia wawape chakula kilekile mnachokula, isiwe kichwa cha samaki na wali wa kukombeleza. Hilo wanaliona na hawalisemi.

Halafu chombo. Kiangalieni kabla hamjapanda. Tazama ngamani, yaani chini kabisa ndani: maji kidogo ni kawaida, kila mashua ya mbao inavuja, na ndiyo maana kuna kidumu kilichokatwa cha kufulia, yaani kutolea maji nje. Ila ukikuta maji yamefika kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, na kijana anafua bila kupumzika na bado mko gati, rudi nyumbani. Tazama kamba ya demani, ile inayoshika tanga, isiwe imefumka. Uliza mashine. Najua mnataka tanga tupu, lakini upepo ukikata saa kumi na moja jioni na mkondo unawapeleka Chumbe, mtaipenda mashine kuliko nahodha.

Jaketi za kujiokolea zihesabiwe mbele yenu, na za watoto ziwe za watoto. Sisi Unguja na Pemba hatuna utani kwenye hili. Mwaka 2011 tulizika watu wa MV Spice Islander, mwaka uliofuata MV Skagit. Hizo zilikuwa meli. Mtu akikwambia "bahari leo shwari, jaketi za nini", asante, tafuta mwingine.

Na nahodha akisema leo hatutoki, usimwongezee hela. Anaihitaji kuliko wewe na bado amekataa.

Mgumu wa Bara

Mtoto wa Nahodha, kama ina mashine basi si mashua ya tanga, ni boti yenye pazia. Kwa nini tulipie?

Mtoto wa Nahodha

Mgumu, uje Februari mchana saa nane upepo umelala, tukuache katikati na pazia lako.

Mkazi wa Kilindoni

Mafia mnaisahau siku zote. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe wanakuja upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, na kwa watu wa kwetu wenye kipato cha kawaida ndiyo safari ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mweupe. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, anakula dagaa wadogo na vijidudu vya majini, hana habari na wewe. Unashuka na miwani, unakaa mbali kidogo, humgusi, hufukuzi. Mke wangu alishuka akapanda palepale, akasema amemwona kichwa na hataki kujua mkia uko wapi.

Ila papa potwe ni safari ya asubuhi moja. Kama mnataka kuzunguka kwa tanga, nendeni Utende, ghuba ya Chole. Ni hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, ya 1995, na ada inalipwa langoni, Mtanzania ana bei yake, kwa hiyo beba kitambulisho. Ndani ya ghuba maji yamezungukwa na visiwa, hata siku ya upepo hamtupwitupwi. Chole kuna popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe, na ukibahatika utakuta fundi anachonga mataruma ya jahazi. Kutoka pale mashua inawapeleka Juani, kwenye magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Huko pia mnasubiri maji yajae ndipo mashua isogee.

Tahadhari moja: msimshawishi nahodha awatoe nje ya ghuba kupitia mlango wa Kinasi wakati maji yanapwa. Mkondo unakimbia pale. Tulipita kwa mbali tu, tukaona mawimbi yamesimama wima mlangoni ilhali ndani ni kioo.

Kufika Mafia ndiyo kazi. Ndege ndogo kutoka Dar, au gari hadi Nyamisati kisha meli au boti. Ukiwa na mtu wa Mtera, lipa ndege.

Binti wa Pemba

Misali jamani! Mnatoka upande wa Chake, Wesha, mnavuka. Ni kisiwa kidogo, matumbawe yako karibu na ufukwe, na wazee wana hadithi ya Nabii Hidhri aliyeswali pale, ndiyo maana ukifika unaambiwa kwa heshima usivae chupi ya kuogelea ukatembea nayo kila mahali. Wavuvi wanapiga kambi kule, wanawauzia pweza aliyekaushwa. Sisi tulimwambia nahodha chakula atafute mwenyewe, akaturushia mshipi, tukala tulichovua. Wawili hawakuvua kitu.

Aliyeko Maskati

Huku Oman nimekwenda na watoto Khasab, Musandam. Majahazi mazuri, mazulia na mito, milima inaingia baharini, pomboo wanafuata. Lakini yote ni ya mashine, mlingoti ni pambo. Watoto wangu waliozaliwa huku walipopanda ngalawa Jambiani likizo walishangaa kwamba chombo kinakwenda na hakuna anayepiga kelele.

Mleta uzi

Asanteni sana, nimeandika yote. Mtoto wa Nahodha nimekutumia ujumbe. Kumbe niangalie mwezi kabla ya kukata tiketi, nami nilikuwa naangalia tarehe ya mshahara.

Mama Wawili

Samahanini, mmeongea uzi mzima na hakuna aliyetaja choo. Kutwa nzima na mama mtu mzima na watoto, choo kiko wapi?

Mtoto wa Nahodha

Swali la maana kuliko yote. Majahazi makubwa yalikuwa na kibanda cha mbao kinachoning'inia tezi, yaani nyuma ya chombo, mashua ndogo haina. Mwambie nahodha tangu mwanzo kwamba kuna wanawake na watoto, apange njia ya kugusa kisiwa chenye vichaka kila baada ya saa mbili hivi. Fungu la mchanga halifai, halina pa kujificha. Beba kanga mbili za ziada na maji ya dumu ya kutawadhia, na mama asikatae kunywa maji kwa kuogopa choo, jua la pale litamwangusha kabla ya mawimbi.